Mwenye Dawa Aonje Kwanza

Yule muuguzi wa Obunga, binti wa mwanamke aliyewahi kumtoa chifu chumba cha uzazi kwa ufagio, alikuwa na sheria moja: anayemletea mgonjwa dawa nyumbani aonje yeye kwanza. Kila asubuhi aliegemeza baiskeli ukutani, akanawa mpaka viwiko, kisha akatoa mfukoni kijiko kikubwa cha kupakulia supu. Kwa Waliaula, aliyeshonwa tumbo hospitalini na kuletwa nyumbani apone, wageni walikuwa wengi kuliko viti, na kila mmoja na chupa yake. Nakhungu, mkewe, hakuweza kuwakatalia wakubwa, na chupa ya kwanza ilikaribia kumzika mumewe. Basi muuguzi akawapanga kwenye benchi kama watoto wa chanjo.

"Lakini mimi si mgonjwa, Sista," akalalamika Nicodemus, mzee wa kanisa.

"Utajua sasa hivi, Baba. Fungua mdomo."

Nicodemus akameza, halafu akakimbilia choo, kofia mkononi. Kutoka huko ndani akapiga kelele: "Inafanya kazi! Mpeni na yeye!"

Waliaula akacheka huku ameshika mshono, na benchi zima likaficha chupa ndani ya makoti. Muuguzi hakucheka. Alifuta kijiko polepole, mbele na nyuma, akamwekea Nakhungu mkononi.

"Kesho mimi niko Pap Onditi. Mama mkwe wako anafika na basi la asubuhi, na nasikia amebeba mtungi. Umnyweshe yeye kwanza."