Ombi Lililokaa Ukurasa wa Tatu

Mnaniona hivi nacheka na kila mtu, lakini kuna barua moja niliyoiandika kijijini kwetu Basotu ambayo mpaka leo nikiikumbuka natamani kujifunika blanketi uso mzima.

Miaka ile shamba la ngano lilipopata mwenyewe mpya, matrekta yakaanza kusogea kule alikozikwa baba wa jirani yetu, mzee Gidaheda. Kwao Wabarbaig mzee wa heshima hurundikiwa udongo, kaburi likaonekana kwa mbali. Gidaheda akanijia. "Mwanangu, wewe una darasa la saba na mwandiko mzuri. Waandikie wenye shamba waruke hapo tu."

Mimi (niliyeota kuwa karani, kalamu mbili mfukoni, moja haiandiki) nikaona aibu kumrukia meneja na shida, maana huku kwetu huingii boma la mtu ukataja shida kabla ya salamu, basi nikaanza na shikamoo, nikaulizia watoto, ndama, mvua, nikasifu matrekta, nikasifu mpaka kofia yake, kurasa mbili zikaisha, ombi likaangukia wa tatu.

Tulipoipeleka, nje ya ofisi walijaa watu wanaotafuta kibarua. Meneja akatoka, akaisoma kwa sauti. Kwenye ndama wakaanza kucheka. Kwenye kofia mama mmoja akashikilia nguzo asianguke.

"Karani, na kuku wake mbona hujawaulizia?" mmoja wao akanitania.

Nami, mjinga, nikacheka nao badala ya kusema kuna ukurasa wa tatu. "Marahaba, salamu zimefika," meneja akasema, akaikunja, akaingia ndani.

Mzee, asiyejua kusoma, akanishika mkono. "Amekubali?"

"Ameipokea, baba." (Hapo ndipo nilipomaliza kuharibu.)

Baada ya siku tatu tukakuta trekta limeshapita. Palikuwa sawasawa kama sehemu nyingine zote za shamba. Mzee alizunguka, akapiga hatua, akarudi, akitafuta ni wapi hasa. Nikamweleza ukweli huku nalia.

"Hata mimi ningeanza na salamu," akasema.

Afadhali angenichapa fimbo.

Siku hizi barua yangu yoyote inaanza na shida yenyewe, mstari wa kwanza kabisa, na salamu nazipeleka mwenyewe kwa miguu. Watu wanasema kijana yule akishika kalamu hana adabu. Waache waseme.