Mihogo Kwenye Njia ya Ndege

Mimi ninajua ndege. Sisemi kama yule anayeinua kichwa na kunyoosha kidole. Nasema kama mtu mwenye diploma ya ufundi wa injini za ndege, niliyoipata mbali na kwetu kwa kubeba mizigo mchana na kusoma jioni, bila mjomba ofisini wala barua ya padri. Nipe sauti tu, hata nyuma ya mawingu, nitakuambia injini ni ya aina gani na kama ndege inapanda au inashuka. Masisi na Walikale nzima hakuna mwingine. Kama yupo, ajitokeze.

Kibabi, kwenye kilima cha Masisi nilikozaliwa, siku droni ilipopita mara ya kwanza, wamama walijitwika mahindi. Ule mlio mwembamba usiokatika waliudhania kuwa wa mashine ya kusaga iliyo ng'ambo ya bonde, ambayo ilikuwa imekufa zamani. Mama yangu alifika na kikapu chake akakuta wenzake wamepanga foleni mbele ya mlango wenye kufuli.

"Inasaga namna gani na mulango umefungwa?" akauliza.

Aliponisimulia kwa simu tulicheka, kisha tukaacha kucheka. Nilikuwa bado ugenini, nina kazi na chumba changu. Nikafunga mizigo. Watu wasioweza kutofautisha kinu na silaha ya angani walikuwa wananihitaji mimi.

Lakini Kibabi ni miteremko mitupu. Hakuna mahali pa kutua hata kunguru mlevi. Nikashuka Walikale, anakoishi dada yangu mkubwa. Huko, katikati ya pori, ndege ndogo hutua juu ya barabara ya lami. Siku za kawaida barabara ni ya wamama. Wanaanika mihogo juu yake, kwa sababu chini ya miti jua halifiki. Ndege ikikaribia, mwenye redio, ambayo sisi tunaiita foni, anapuliza filimbi. Pikipiki zinazuiwa kwa kamba, mbuzi wanafukuzwa, mihogo inakunjwa ndani ya maturubai. Marubani wote wanajua: ukiona mihogo imetanda barabarani, usishuke.

Mwenye foni nikawa mimi. Hakuna aliyeniteua. Nilisimama pale na filimbi yangu na diploma yangu mpaka watu wakazoea.

Ndege niliyoingojea kuliko zote ilikuwa ile nyeupe yenye alama ya dawa. Dada yangu ana ugonjwa wa sukari, na dawa yake ya sindano inakuja ndani ya sanduku lenye barafu. Nilishamwona wakati ndege ilipokosa kuja: midomo imekauka, ananiita kwa jina la marehemu baba. Sitaki kumwona hivyo tena.

Na napenda makomando, sifichi. Helikopta inayopita chini ya vilele, ikifuata mto kama inaujua kwa jina. Wanaume wanaoshuka kwa kamba na kutoweka kabla vumbi halijatulia. Rubani anayetua gizani bila taa: hayo nimeyasoma, nimeyatazama, nimebishana juu yake na wasomi wenzangu mpaka tukanuniana. Ule ni ufundi, na mimi ufundi nauheshimu popote ulipo.

Basi, mkubwa mmoja wa jeshi akaja kwenye benchi langu kando ya lami. Miwani myeusi, viatu bila tope, jambo ambalo Walikale ni muujiza.

"Enjenieri, nasikia unapenda makomando."

"Napenda kazi yenye kufanywa muzuri, Papa Komanda."

Akaniambia mpango. Kulikuwa na kiongozi wa kundi la silaha ambaye askari walimtafuta sana. Kila ndege ya dawa ilipotua, alitoka porini mwenyewe, akajichanganya na watu ili apate dawa za majeruhi wake. Sasa itakuja ndege nyeupe, yenye alama ileile, na ndani yake askari. Kazi yangu ilikuwa ndogo: kupuliza filimbi na kutangaza ndege ya dawa.

Moyo wangu uliruka. Operesheni ya makomando, kwenye pisti yangu, lami yangu ya kutulia ndege! Nilitaka hata kumuuliza ni injini gani. Kisha nikamuuliza jingine.

"Rangi itakuwa nyeupe?"

"Nyeupe kabisa. Na alama."

"Basi hapana."

"Iko vita, Enjenieri. Vita iko na ujanja."

"Ujanja naujua. Mupake rangi ya majani, mupite chini ya bonde, muzime taa, mushuke na kamba. Nitawapigia makofi. Ile nyeupe muache."

"Juu ya nini?"

"Papa, wawindaji wa huku wanaita swala wa pori na pua, mpaka swala anakuja mwenyewe. Hakuna anayewalaumu. Lakini tafuta mumoja mwenye kutega nyama kwa kulia kama muntu, 'Mukuye munisaidie!' Hautamupata. Sababu siku atavunjika muguu mu pori, nani atakuja?"

Akacheka. "Ile diploma yako ni ya injini ao ya katekisimu?"

"Ya injini. Katekisimu nilipata bure."

Hapo akaacha kucheka. Akasema ndege inakuja kesho, na mimi nitakuwa na filimbi mdomoni, nikipenda nisipende.

Kesho yake alisimama nyuma yangu na vijana wake wawili waliovaa kiraia. Foni ikaita, nikapuliza. Wamama wakainuka, wakaanza kukunja maturubai kama siku zote. Na kama siku zote, mama mmoja mnene, ambaye wenzake humsikiliza kuliko wanavyomsikiliza msimamizi wa eneo, akauliza:

"Ni ya dawa, Enjenieri?"

Huwa ananiuliza hivyo kila mara, na kila mara namjibu. Nikamjibu kwa sauti ya kufika ng'ambo ya barabara.

"Hapana, Mama. Ya basoda. Askari waliipaka nyeupe."

Akanitazama. Akamtazama mwenye miwani.

"Ya basoda?"

"Ya basoda."

"Basi mihogo yangu haiyakauka," akasema, na akaketi juu ya lami.

Wengine waliokwisha kufunga wakafungua, wakatandaza upya. Mmoja akaleta na maharage. Ndege ikaja, injini mbili zilizotunzwa vizuri sana, ikashuka kwa pembe safi, ikaona barabara imejaa mihogo na wamama, ikanyanyua pua na kupita juu yetu mpaka vikwembe viunoni vikapepea. Rubani alikuwa hodari. Hata mikononi mwa vijana wa komanda, nilimsifu kimoyomoyo.

Walininyang'anya foni na filimbi, wakanifungia ndani ya kontena lenye joto la tanuri. Dada yangu akaja akaketi mlangoni, akawaambia askari kwamba sukari yake ikipanda atafia palepale na wao ndio watakaobeba jeneza. Wakanitoa. Foni akapewa mwingine, asiyeweza kutofautisha ndege na jenereta.

Aliyeniumiza si komanda. Ni jirani yangu, dereva wa pikipiki aliyekimbia kutoka upande wa Mweso. Watu wa yule kiongozi walichoma nyumba yake. Alisimamisha pikipiki mbele yangu bila kuzima injini.

"Kaka, unajua ule muntu alitufanyia nini?"

"Najua."

"Na ukamuacha aende."

"Sikumuacha. Nilikataa ile ndege."

"Iko sawasawa tu."

"Haiko sawasawa."

"Kwako wewe mwenye nyumba," akasema, akaondoka.

Maneno yake siyatupi. Yule mtu anastahili kukamatwa, na waende wamkamate, kwa rangi yao, kwa bunduki zao zinazoonekana. Nitawaonyesha bonde la kupitia. Lakini ndege ya dawa ikidanganya mara moja tu, itakayofuata itapigwa risasi kutoka porini, au watu wataikimbia, na sanduku la barafu litayeyuka barabarani. Mwenye diploma anayeona hilo na kunyamaza, bora achome karatasi yake apikie chai.

Ndege ya dawa ilikuja baadaye, ya kweli. Watu waliikimbilia, hakuna aliyejificha. Mimi nilikuwa nje ya kamba, pamoja na mbuzi. Jirani yangu ndiye aliyelifunga sanduku kwenye pikipiki yake kulipeleka kituo cha afya, ambako dada alikuwa anangoja. Alinipita karibu kabisa. Nikamsalimia kwa sauti, hakujibu. Namsalimia kila asubuhi, naye ana haki ya kutojibu. Na akija komanda mwingine na miwani yake, kwangu anapajua. Jibu ni lilelile.