Soksi Zinazofanana

Kazi ya Mama Soksi ilianzia mwisho. Alichora ubaoni molekuli aliyoitaka, nzima, imekamilika, halafu akaanza kuivunja kwa chaki: hapa ningeunga nini na nini, na hicho nacho kingetoka wapi, mpaka akafika kwenye vitu vya kawaida vilivyokuwa ndani ya chupa za rafuni. Hapo ndipo alipofunga vifungo vya koti lake jeupe na kuanza kupanda alikoshukia. Mtu aliyemkuta mbele ya ubao, kichwa upande, alidhani anafuta makosa.

Jina alipewa na vijana wa maabara, wala halikutokana na mavazi. Molekuli yake ilikuwa na kitu kama miguu miwili, vichipukizi viwili vya nitrojeni vyenye kiherehere, kila kimoja kikitaka kudaka chochote kinachopita. Ukitaka mguu mmoja ufanye kazi, mwingine lazima uufunike kwa kipande kidogo cha kemikali ambacho utakivua baadaye. Vitabuni kipande hicho kina jina refu. Yeye alikiita soksi, na ustadi wote ulikuwa katika kuvalisha soksi mbili tofauti: moja ya kuvuliwa kwa tindikali, nyingine ya kuvuliwa kwa hidrojeni, ili uvue unayoitaka na ya pili ibaki mahali pake.

"Ni hapa tu duniani," alikuwa akiwaambia wageni, "ambapo mwenye soksi zinazofanana anaonekana hamnazo."

Hayo aliyasema kabla mumewe hajafa.

Mumewe alikuwa fundi wa friji. Alianguka mchana kazini, bisibisi mkononi, na hospitali wakasema ni presha. Mama Soksi akazika, akapokea mikono ya watu, akarudi maabara wiki ileile kwa sababu huko angalau kulikuwa na cha kushika. Hakulia. Hakujizuia, alikisubiri kilio kama unavyomsubiri mtu aliyekupigia simu kwamba yuko njiani, hakikutokea, akaacha kusubiri.

Aliyelia kwa niaba ya nyumba nzima ni wifi yake, aliyehamia kumliwaza.

"Wifi, toa hata machozi mawili," alimwambia asubuhi moja akimenya viazi. "Watu watasema umemtilia sumu, na kazi yako hiyo."

"Ningetaka kumtilia nisingengoja hadi juzi. Miaka yote ile anakoroma!"

Wifi akacheka, kicheko kikageuka kilio, kisu hakikusimama. Mama Soksi akachukua mkoba wake akaenda zake.

Alichokuwa akikitengeneza kilitarajiwa kuwa dawa ya kuua minyoo ile inayopofusha watu. Wanaopofuka ni wakulima wa kando ya mito, watu ambao hakuna kiwanda kikubwa kinachowaona kama wateja, kwa hiyo wanaachwa wapapase kuta za nyumba zao wenyewe mpaka wafe. Huo ni ukatili, hata ukiandikwa kwa lugha ya ripoti. Na Mkuu wa maabara alikuwa ameshatoa kauli: unga wa dawa hiyo usipofika chumba cha majaribio kabla ya mwisho wa mwezi, kazi inafungwa na chumba wanapewa watu wa rangi za nyumba. Watu wa rangi walishaanza kupitapita wakipima madirisha. Malighafi nayo ilikuwa imekwisha. Kilichokuwepo chote kilikuwa ndani ya chupa moja ya mviringo.

Asubuhi ya kuvua soksi ya kwanza, Mama Soksi alimimina tindikali, akangoja, akachota tone na kumpa msaidizi wake alipeleke kwenye mashine ya vipimo. Msaidizi huyo walimwita Puto, kwa kuwa hidrojeni ya maabara ile aliitia kwenye maputo akayafunga midomoni mwa chupa kama mtu anayeandaa sherehe ya mtoto.

Puto akarudi na karatasi, amenywea.

"Dada, kaa kwanza."

"Sema tu. Nasikia hata nikisimama."

"Zimevuliwa zote mbili."

Akaitazama karatasi. Pale kwenye mchoro ambapo kilele cha soksi ya pili kilipaswa kusimama palikuwa tambarare. Akaikumbuka ile wiki aliyorudi kutoka mazikoni, mkono wake ukienda rafuni, ukichukua chupa, na siku iliyofuata ukiichukua chupa ileile tena. Kichwani hakukuwa na kitu.

"Nilivalisha zinazofanana, zote za tindikali," alisema.

"Tuseme lebo ilikosewa huko ilikonunuliwa. Nani atajua?"

"Utajua wewe, na mdomo wako hauna mlango."

Akaenda mwenyewe kumwambia Mkuu. Mkuu akavua miwani.

"Mama Soksi mzima?"

"Mimi, Mkuu."

"Basi imetoka hiyo."

"Haijatoka. Bado iko kwenye tindikali."

Na hapo ndipo lilipokuwa tumaini, kama mtu angependa kuliita hivyo. Ndani ya tindikali ile miguu miwili ilikuwa imekufa ganzi. Haikudaka kitu, haikuharibika. Lakini huwezi kuuvalisha soksi mguu wenye ganzi. Lazima kwanza uiue tindikali kwa alkali, miguu iamke, na ikiamka mitupu molekuli itajikunja na kujing'ata yenyewe.

"Iache kwenye friji," Puto alimsihi. "Kwenye tindikali inakaa hata mwaka."

"Ikikaa mwaka inafanya nini?"

"Haifanyi kitu. Ila haiharibiki."

Mama Soksi akaiangalia chupa kwa muda mrefu kiasi kwamba Puto aliona haya akaanza kupanga vibano.

"Basi hiyo si dawa," alisema. "Lete barafu."

Mguu mmoja ulikuwa umebanwa na majirani zake ndani ya molekuli, mwingine uko wazi. Aliouhitaji uwe huru ni ule uliobanwa. Ule wa wazi, ambao ungewahi kuidaka soksi, ndio wa kuvalishwa, safari hii soksi ya hidrojeni. Akamimina sehemu ndogo ya kujaribia, akaua tindikali kwa pupa kidogo, ikageuka lami mbele ya macho yao. Puto akafumba macho. Yeye akaisukuma kando kama sahani chafu, akachukua iliyobaki, yote, akatangulizia soksi chupani, akaizamisha ndani ya barafu. Mota ya kukorogea ilikuwa ikitikisa meza, akaizima. Akaishika chupa kwa mkono, akaizungusha polepole, na kwa mkono wa pili akadondosha alkali, tone, akangoja, tone.

"Nikupokee, dada?"

"Ukinisemesha nitakosea."

Mchana ukapita hivyo. Alipoweka kibao kidogo cha kupimia, chenye tone la mchanganyiko ule, chini ya taa ya zambarau, chini kabisa palikuwa na doa la lami, na juu yake, pale alipokuwa ameweka alama ya penseli ya kile alichokitarajia, doa jingine, safi. Mashine ya vipimo ikasema hivyohivyo: mguu mmoja una soksi, mmoja mtupu.

Puto alicheza katikati ya chumba. Mkuu akaja, akainama, akauliza, "Kiasi gani?"

"Zaidi ya nusu imekuwa lami. Iliyobaki inatosha majaribio ya kwanza. Ya pili haitoshi."

"Ya kwanza yakiwa mazuri, nitawaambia watu wa rangi wakapime madirisha ya mtu mwingine."

"Ahsante, Mkuu."

Mama Soksi alingoja afurahi. Alingoja kwa haki kabisa, mikono ikining'inia, huku Puto akimsifu kwa sauti ya mpiga debe. Furaha haikuja. Akaenda sinkini kuosha vyombo, maana vilikuwa vichafu, na alipofungua bomba akasimama ghafla. Vidole vya mkono wa barafu vilikuwa vyeupe, na damu ilianza kurudi ndani yake, ikichoma kama sindano.

Puto akaacha kucheza. "Dada? Vipi?"

"Vidole."

"Ngoja nikuletee maji ya vuguvugu."

"Hapana, acha," alisema, akiviangalia. "Vinauma." Akarudia tena, polepole, kama anayemsomea mtu kipimo aandike. "Vinauma."