Viatu vya Kuachwa Mlangoni

Saa kumi kasoro dakika kumi na mbili, sala ya alasiri, katika msikiti wa mtaani kwetu Bombolulu, nilisujudu katika rakaa ya tatu na sikuinuka. Hapakuwa na maumivu ya kusimulia. Paji la uso liligusa zulia kama kawaida, lakini nilipotaka kusimama kwa rakaa ya mwisho mwili ukakataa, kama lori lililozimika juu ya mizani. Nikamalizia sala nimeketi. Niliporudi magharibi nilikuta nimewekewa kiti cha plastiki cha kukunja mwisho wa safu, kando ya jirani yangu, mzee aliyestaafu ukarani bandarini, ambaye ana kiti chake hapo miaka mingi.

"Shikamoo," nikamwambia.

"Marahaba. Karibu, mwanangu. Huku kwetu kuna upepo, na feni yetu haizimwi."

Mimi nilikuwa na miaka hamsini na mmoja, yeye ameshapita themanini. Sikuona sababu ya kushirikiana feni. Tangu jioni ile nilitaka jambo moja tu: kuondoka kwenye kile kiti kabla hakijazoea umbo langu.

Tabibu aliyapiga magoti yangu picha, asione kitu. Alisema misuli imelala kwa kukaa, akanishauri niiamshe. Sikuweza kumbishia. Mimi ni karani wa mizani kwenye bohari la nafaka, na tangu ujana nimeketi nikipima mizigo inayobebwa na watu wengine.

Jimu ya karibu iko ghorofani, juu ya duka la saruji na mabati. Kocha wake ni mtu wa bara, mpana wa mabega, aliyeshuka Mombasa kutafuta kazi ya kiwanda akaishia kuinua vyuma kwa hiari yake. Alinipa mazoezi mawili. La kwanza ni skwati: unaweka chuma mabegani, unachuchumaa, unainuka. La pili ni dedlifti: unainama, unakiokota chuma sakafuni, unasimama nacho. Nilipochuchumaa, visigino vyangu viliinuka kabla sijafika nusu ya safari. Kocha akachukua sahani mbili ndogo za chuma, akanisukumia moja chini ya kila kisigino. Nikashuka mpaka chini bila kuyumba.

"Umeona? Hiyo si mambo ya magoti, mzee. Ni hizi vifundo zako za miguu, zimekaza. Tafuta kiatu iko na kisigino ngumu."

Neno "tafuta" ndilo lililoniponza. Mtu mwingine angekwenda dukani. Mimi sikusoma sana shuleni, na kwa hiyo sina mazoea ya kuamini jambo ambalo sijalisoma mwenyewe. Nikasoma juu ya viatu majuma kadhaa. Nilijifunza kwamba raba za kukimbilia hazifai, kwa sababu soli yake ni laini na mtu mwenye mzigo mabegani huwa kama aliyesimama juu ya godoro. Nilijifunza kwamba skwati yataka kisigino kilichoinuka na kigumu, na kwamba dedlifti yataka soli nyembamba, bapa, ili chuma kisafiri njia fupi. Kwa maneno mengine, mtu mmoja, chumba kimoja, jioni moja, lakini jozi mbili. Nilijaribu kukwepa gharama hiyo. Nilichuchumaa jikoni kwa kandambili, kwa akala za tairi, na kwa viatu vyangu vyeusi vya kazini, ambavyo kisigino chake kilikuwa na urefu unaotakiwa lakini kilichomoka siku ya pili.

Basi nikaenda Kongowea, kwenye mitumba. Baada ya kuzunguka sana niliviona: viatu vya ngozi, kisigino cha mti, mkanda mpana juu ya mguu. Nilivitambua papo hapo. Muuzaji hakuvitambua, nami sikumsaidia.

"Hivi ni vya nini?" nikamuuliza.

"Vya densi, bosi. Wazungu huvivaa wakicheza densi."

"Densi gani ya viatu vizito hivi?"

"Densi ya polepole."

Alitaka elfu nne na mia tano, nikampa elfu tatu na mia nane. Kwa ajili ya dedlifti niliongeza raba za turubai, mia sita na hamsini. Nyumbani mke wangu alivigeuza vile vya ngozi juu chini chini juu.

"Kisigino cha mti?"

"Ndiyo."

"Na mkanda?"

"Na mkanda."

"Harusi ya nani?"

Nilimweleza habari ya kifundo cha mguu kwa utaratibu, tangu mwanzo. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama chai niwekewe sasa au baada ya densi.

Lakini viatu vilifanya kazi, na hilo ni lazima lisemwe. Nikivifunga mkanda nilishuka kama ndoo kisimani na kupanda kama ndoo. Niliongeza uzito kidogo kidogo mpaka nikafika kilo sitini, uzito ambao boharini kwetu huitiwa watu wawili. Baina ya zoezi na zoezi nilibadilisha viatu, nikaketi kwenye benchi nikifungua hiki na kufunga kile, na vijana wakanibandika jina la Bwana Harusi. Sikujali. Nilikuwa nikihesabu.

Siku niliyojiona niko tayari, nilikwenda msikitini mapema kwa alasiri. Nilimwamkia mzee jirani, nikakikunja kiti changu, nikakiegemeza ukutani mbele ya macho yake, nikaenda kusimama safu ya mbele. Rakaa ya kwanza nikasujudu, kisha nikainuka kama nilivyofundishwa: nyayo chini, kifua mbele, uzito kisiginoni. Visigino havikufika chini. Nilirudi nyuma taratibu, kwa heshima zote, nikaketi juu ya miguu ya mtu wa safu ya pili, ambaye aliendelea na sala yake kwa subira ambayo naamini ataandikiwa thawabu. Zilizobaki nilizisali pale pale, nimekaa.

Tulipokwisha toa salamu mzee akanijia, polepole, kwa bakora.

"Kumbe jimu huendi?"

"Naenda, mzee. Nabeba kilo sitini."

"Sitini?"

"Wallahi. Lakini kwa viatu. Vina kisigino maalumu."

"Na viatu viko wapi?"

"Nimeviacha mlangoni."

Akatikisa kichwa, bila kucheka. "Basi na kilo zako umeziacha huko huko."

Tangu utoto sijapata kuingia msikitini na viatu. Nilikuwa nimesoma juu ya soli, mti, ngozi na mikanda, nikajitengenezea nguvu ambayo ilikuwa yangu mpaka kizingitini.

Jioni ile nilipanda jimu miguu mitupu.

"Mzee, kwani viatu zimeenda wapi?" kocha akauliza.

"Viko nyumbani."

"Bila hizo utashuka nusu."

"Wacha nishuke nusu."

Nilirudi kwenye fimbo tupu ya mti wanayopewa wanaoanza, na Bwana Harusi akawa Mjane. Dedlifti haikuniletea taabu: soli nyembamba kuliko zote ni ile niliyozaliwa nayo, jambo ambalo lingeniokolea mia sita na hamsini. Skwati ndiyo iliyokuwa kazi. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini nilisimama jikoni, nikausukuma ukuta kwa goti bila kuinua kisigino, mpaka mke wangu akauliza ukuta umenikosea nini. Kifundo kililegea kwa mwendo wa kobe.

Kisha alasiri moja nikasujudu, nikainuka. Rakaa ya pili pia, na ya tatu, na ya nne. Hakuna aliyegeuka kunitazama, kwa kuwa kila mtu alikuwa akifanya hivyo hivyo. Nilipotoka nilimkuta mzee akikipangusa kiti changu kwa ncha ya kikoi.

"Namwekea mwenyewe," akasema.

"Mwenyewe ni nani?"

"Sijui bado. Lakini yuaja."

Raba za turubai nilikuwa nimezisahau mlangoni pa msikiti Ijumaa moja, zikaondoka na miguu ya mwingine. Vile vya mti nilivirudisha Kongowea kwa yule yule muuzaji. Aliniuliza kama densi imenishinda, nikamwambia nimejifunza ya miguu mitupu, akanihesabia elfu moja na mia tano. Ukitoa hizo, hasara yangu ni shilingi elfu mbili mia tisa na hamsini.