Mawe Matatu ya Katibu

Jamani, ukatibu wa kamati ya shule umenichosha. Wiki nzima nilizunguka nyumba kwa nyumba huku Endabash, nikihimiza msaragambo: kila kaya ilete mawe kumi ya msingi wa darasa jipya. Siku yenyewe nilikuwa hoi, na mawe yangu yalikuwa saba. Nyuma ya stoo ya shule nikaona matatu yamekaa tu, mvua imeyaosha. Nikayabeba.

Kisha nikapanda juu ya rundo langu kuwagombeza wazazi. "Kuna watu hapa wanasubiri wenzao ndio wahangaike!"

Mama Paulina, mpishi wa shule, akaja na sufuria ya maji ya uji, bado baridi, watoto wakimfuata na vikombe.

"Katibu, samahani, shuka kidogo. Umekanyaga mafiga yangu."