Udongo wa Kaburini na Damu ya Mjukuu Wangu

Nitaanza kwa kutenga niliyoyaona na niliyoyasikia. Niliyoyaona ni haya: mjukuu wangu wa kike, mwenye umri wa miaka sita, alikuwa akibandua udongo wa ukuta wa jiko letu la uani, hapa Kisauni, na kuula. Viganja vyake vilikuwa vimepauka kama unga wa muhogo. Niliyoyasikia ni kwamba koma, yaani mzimu wa mababu, alikuwa akiutaka udongo wa kwao kupitia kinywa cha mtoto. Hayo niliambiwa na wengi, na hakuna hata mmoja aliyedai kuyaona.

Aliyeyaleta nyumbani ni mamake mkaza mwanangu, mwanamke anayeheshimika kanisani kwao, ambaye kila Jumapili huwakemea waganga. Alifika adhuhuri na leso iliyopigwa fundo. Ndani mlikuwa na udongo alioufukua kwenye kaburi la babu yake. Alitaka mtoto aukorogewe katika maji, anywe siku tatu, kisha achukuliwe huko kwao mkwe hadi koma atulie. Mkaza mwanangu alikuwa amekwisha kufunga nguo za mtoto. Mwanangu, aliyekuwa zamu kazini kwake Kipevu, alipiga simu kusema kwamba wazee tuelewane.

Nilisimama mlangoni.

“Mkwe, huyo koma ulimsikia kwa masikio yako?”

“Hasikiwi kwa masikio hayo, mkwe. Wewe ukarani wa mahakama umekukausha. Hata Mungu utamtaka alete shahidi.”

Mkaza mwanangu akacheka, kisha akaona haya. Hata mimi ningalicheka, lau mtoto asingalikuwa amelala jamvini akihema kama aliyetoka mbioni. Nilisema kwamba hatoki humu mpaka damu yake na choo chake vipimwe. Vikionekana safi, nitampeleka kwa koma mimi mwenyewe, na mbuzi wa kafara nitamkokota mimi.

Nilimbeba mgongoni hadi zahanati. Binti mpimaji aliponipa majibu, niliomba nitazame mwenyewe. Akaniuliza kama siamini karatasi. Nikamjibu kwamba karatasi huandikwa na watu. Akanisogezea kiti mbele ya darubini. Katika choo niliona yai la mviringo mrefu, ganda lake jembamba mno. Ni la minyoo wa safura, alisema, wanaouma utumbo na kunyonya damu, na wachanga wao hupenya nyayo za mtoto atembeaye pekupeku penye mchanga uliochafuliwa na kinyesi. Katika damu, chembe nyekundu zilikuwa ndogo, zimefifia katikati kama pete. Baina yazo palikuwa na chembe nyeupe zilizojaa punje za rangi ya chungwa, ambazo mwili huziongeza unapopambana na minyoo wa aina hii. Kipimo cha wekundu wa damu kilisoma sita nukta moja, ilhali mtoto wa umri wake hutakiwa kufika kumi na moja na nusu. Kuhusu udongo, alisema, mtu aliyepungukiwa na madini ya chuma aghalabu huutamani.

Niliporudi nikayaeleza yote. Mkwe alinisikiliza hadi mwisho.

“Na hao minyoo, nani aliwatuma?”

“Mimi,” nikamjibu. “Choo cha uani kimebomoka tangu masika, nami nikakiacha.”

Nikamrudishia leso na fundo lake, kwa heshima, na mtoto akameza dawa ya minyoo na ya kuongeza damu, tulizopewa zahanati, mbele yetu sote. Wiki ile ile nilijenga choo upya na kumvalisha ndara.

Nasikia sasa huko kwao husimuliwa kwamba mtoto alinyweshwa ule udongo nilipokuwa sipo, na kwamba ndio uliomponya. Sikuona, sisemi ndiyo wala la. Baada ya miezi miwili nilimrudisha zahanati. Niliiinamia darubini kwa muda mrefu kuliko binti mpimaji alivyopenda, na yai sikuliona. Kipimo cha damu kilisoma kumi nukta tisa mbele ya macho yangu. Tulipotoka, mjukuu wangu alikataa kubebwa, akatembea mwenyewe mpaka nyumbani.