Darubini ya Baba Mdogo na Maksai wa Kaka

Bunduki ya baba mdogo ilikuwa na kibali chake, ilikula risasi ndogo kama pingili ya kidole, na kazi yake kule Kabungu ilikuwa ngedere. Ngedere wa shamba letu, nawaambia, walijua kumenya mahindi kuliko wake zetu, na wakishiba wanachagua ya mbegu. Ilikuwa bunduki ya kujipakia yenyewe: unavuta triga, inalia, inatema ganda, inajiwekea risasi nyingine bila kukusumbua. Hiyo ni siku ikiamka vizuri. Siku ikinuna, ganda linakwama kwenye mlango wa kutokea, limesimama wima kama bomba la moshi, na baba mdogo analichokonoa kwa msumari huku akiitukana bunduki kwa lugha tatu.

Risasi za aina ile ni chafu. Baruti inaacha masizi, na nta iliyopakwa kwenye risasi inayeyuka, halafu inaganda humo ndani. Dawa yake ni kusafisha, na mafuta mepesi, kidogo sana. Baba mdogo alitumia mawese.

"Mawese yanalainisha mpaka utumbo wa binadamu," alisema. "Chuma ni nani?"

Asubuhi za mwezi wa sita, kwa baridi yetu, mawese yanakuwa mazito kama sabuni. Yeye aliona ndiyo vizuri, hayamwagiki.

Halafu binamu yetu akaleta darubini kutoka Dar, bomba jeusi ambalo ukichungulia kisiki cha ng'ambo ya bonde unaona hadi sisimizi ana mawazo gani. Kuifunga juu ya bunduki kulituchukua nusu siku barazani. Mimi niliibana bunduki kwa magoti, baba mdogo akashika bisibisi. Pete mbili za kushikia zilikuwa pana kidogo, darubini ikawa inacheza. Akaenda kukata mpira wa ndani wa baiskeli. Kwetu mpira wa baiskeli unafunga kila kitu: jembe, kitanda, pampu, mguu wa kuku. Akauviringisha kwenye bomba, akakaza skrubu mpaka mpira ukatokeza pembeni kama ulimi wa mbwa.

"Hapa hata tetemeko lije," akasema.

Na kile chuma cha kulengea kilichokuwa juu ya mtutu alikuwa ameshaking'oa kwa nyundo, eti kinamzibia.

Shida ya mpira ni kwamba unabonyea. Bunduki ikilia mara moja, darubini inahama kidogo. Ikilia tena, inahamia kwingine. Tulitundika papai kwenye mti, mbali kiasi. Risasi ya kwanza ilipiga papai, ya pili shina, ya tatu hatukuiona tena hapa duniani.

"Inatafuta," akasema baba mdogo. "Itazoea."

Haikupata muda wa kuzoea.

Kaka yangu mkubwa alikuwa na maksai wawili wa kulimia, lakini aliyempenda ni mmoja, mwekundu, aliyemnunua akiwa ndama kwa Wasukuma wa Litapunga. Alimlea kama kitindamimba. Mvua ikinyesha anakwenda kumfunika turubai, mke wake yeye anajifunika mwenyewe. Shemeji alikuwa akisema, "Mimi nikizaliwa tena nitazaliwa na pembe, labda nitaitwa mpenzi."

Asubuhi moja kaka alirudi kutoka porini na mkokoteni wa magogo. Ndani ya gogo moja lenye uwazi kulikuwa na nyuki, wamelala kwa baridi. Alipofika uwanjani jua lilishapanda, gogo likapata joto. Nyuki wakaamka wote kwa pamoja, na hawakuamka na salamu.

Nimesikia treni, nimesikia mvua ya mawe juu ya bati. Sauti ile ilizidi. Maksai mmoja alivunja nira akakimbia kuelekea Mpanda, na mimi naamini alilitangulia basi. Yule mwekundu akabaki na kipande cha nira shingoni. Nyuki walimjaa machoni, puani, ndani ya masikio. Akageuka, akaupiga mkokoteni kwa kichwa, ukapinduka, na kaka alikuwa upande wa kuangukia. Ubao wa pembeni ukambana mguu. Mfupa tuliusikia tukiwa barazani.

Ng'ombe haoni tena. Anapiga chochote kilicho mbele yake, na kilicho mbele yake ni mkokoteni wenye mtu chini. Pembe inaingia kwenye mbao, inatoka na kipande, inaingia tena, kila mara karibu zaidi na tumbo la kaka.

Baba mdogo akatoka na bunduki.

"Msimpige!" kaka anapiga kelele kutoka chini. "Leteni moshi! Ni nyuki tu hao, atatulia!"

"Utatulia wewe!" shemeji akamjibu, ameshawasha nyasi mkononi. "Baba, piga!"

Baba mdogo akachungulia, akavuta. Risasi ikaingia kwenye ubao karibu na sikio la kaka.

"Unaniua mimi au unamuua yeye?"

"Nyamaza, nalenga!"

Ya pili ikachonga pembe. Maksai akapanda mkokoteni kwa miguu ya mbele, uzito wote ukashuka juu ya ule mguu, na kaka akanyamaza. Shemeji alimwita jina lake. Alikuwa amezimia.

Ya tatu ikapasua shavu la ng'ombe, damu ikaruka mpaka kwenye ukuta wa jikoni. Ya nne haikutoka. Ganda lilikuwa limesimama mlangoni, limepakwa mawese na masizi kama andazi. Nikamkimbilia nikaling'oa kwa kucha, nyuki wananichoma kwenye kope, mikono imevimba nashindwa kujua kipi kidole lipi ganda.

"Msogelee!" nikamwambia.

Akasogea hadi hatua chache tu kutoka kwenye pembe, akachungulia tena.

"Naona manyoya! Manyoya matupu!"

Darubini ile ilikuza kila kitu; kwa karibu vile, ng'ombe mzima alikuwa ukungu mwekundu. Akapiga hivyo hivyo. Tena darubini imekaa juu ya mtutu, kwa hiyo ukimlenga jicho karibu vile, risasi inapita chini yake. Taya likavunjika. Nyingine ikapita kwenye ulimi. Maksai alilia, na sijawahi kusikia mnyama analia vile, damu na mapovu vinamwagika juu ya kaka, na bado anapiga.

"Acha kuchungulia!" shemeji akapiga ukelele. "Mwekee mtutu!"

Baba mdogo akaikamata ile darubini kwa mkono, akaizungusha, akaing'oa na mpira wake akaitupa. Akapita chini ya pembe. Akaweka mtutu nyuma ya sikio. Ikakataa. Akavuta kipini, ganda likaruka, akaweka tena. Ikalia.

Maksai alipiga magoti taratibu, kama anayelala.

Tulimtoa kaka akiwa hai, nyama ya mguu iko nje, tukamkimbiza hospitali Mpanda. Nyumbani ngozi ilipochunwa, shemeji aliitazama: upande wa kichwani ilikuwa chujio.

"Hii asiione," akasema. Tukaifukia.

Wiki hiyo baba mdogo aliifungua bunduki yote, akaiosha kwa petroli, akatupa mawese. Darubini aliiokota, akaifunga upya kwa pete za saizi yake, chuma kwa chuma. Akapiga mapapai matano mfululizo, bila kukwama. Hakushangilia.

Tulipokwenda kumwona kaka, mguu ulikuwa umening'inizwa na sura zetu bado ni maboga.

"Alikufa kwa risasi ngapi?" akauliza. "Ya ubao nakumbuka. Na ya pembe. Baada ya hapo?"

Baba mdogo akatazama dirishani.

"Moja," nikasema mimi.

"Moja?"

"Nyuma ya sikio. Hakujua hata."

Kaka akamgeukia mkewe, maana maneno yangu watu huyapunguza kwanza ndipo wayaamini. Shemeji alikuwa anamenya chungwa.

"Moja," akasema, hakuinua macho.

"Basi afadhali." Akavuta pumzi. "Nileteeni ngozi yake, nikate kamba za kumfungia yule aliyekimbia."

"Mbwa waliila," akasema baba mdogo.

"Yote?"

"Yote, mwanangu."

Kaka alimtazama muda mrefu. Akapokea chungwa, akalishika tu. Halafu akageukia ukutani, na sisi tukabaki tumesimama hapo mpaka muuguzi alipokuja kututoa.